Kuanguka ni Bure

Kwa hesabu ya daftari langu nimeshaangusha helikopta mara 1,316. Ya kwanza ilianguka ndani ya sekunde mbili, ya pili ndani ya sekunde tatu, na siku hiyo moja niliandika vijistari arobaini na kimoja kabla betri haijaisha. Hakuna aliyeumia. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda ndani ya kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Juru, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, rimoti mikononi, macho kwenye kompyuta ya mitumba inayokula umeme wa betri ya gari. Kila helikopta ilipovunjika nilibonyeza kitufe kimoja, nayo ikarudi uwanjani nzima kana kwamba hapajatokea kitu.

Mzee mmoja jirani yangu alikuwa akija kuchaji simu. Alisimama mlangoni siku kadhaa akitazama bila kusema. Mwishoni akaniuliza: "Mwanangu, unajifunza kuendesha kitu usichokuwa nacho, katika anga lisilokuwepo. Elimu hiyo ni ya nini?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Mzee huyu aliletwa Nakivale mgongoni mwa mama yake. Makazi haya yalifunguliwa 1958, na Wanyarwanda waliokimbia machafuko kuanzia 1959 walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo kabisa. Mtu aliyeona miaka sitini ya wageni wakija na miradi na kuondoka na miradi hawezi kuuliza swali la kupitisha wakati. Nikaanza kutafuta, jioni kwenye simu, na kila nilipokwenda Mbarara kuchukua vipuri. Nikagundua kwamba swali lake lina umri mkubwa kuliko yeye.

Lakini nianze na helikopta yenyewe. Niliyoiona kwanza kwa karibu haikuwa ya kuchezea. Ilikuwa Rutshuru, mashariki mwa Kongo, Oktoba 2008, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa nyeupe, yenye herufi mbili nyeusi ubavuni, UN, na ilipita chini mno hata majani ya migomba yetu yakalala. Sisi tuliita eliko. Wiki hiyo waasi wa CNDP waliingia mjini. Tulitembea hadi Ishasha, tukavuka mpaka, tukakaa siku chache Matanda, kisha lori likatuleta Nakivale. Mama alibeba sufuria na mdogo wangu. Mimi nilitoka nyumbani na chukudu yangu ndogo, baiskeli ya mbao ya kusukuma kwa mguu, niliyochongewa na yaya, ndugu yangu mkubwa, nikaambiwa niiache njiani kwa sababu ilikuwa inatuchelewesha. Niliilaza chini ya mti kwa heshima, kama mtu atakayerudi kesho.

Huku Juru tuliunda eliko zetu upya. Mwili ulikuwa wa mabua ya mtama, panga lilikatwa kwenye kidumu cha mafuta ya kula, mhimili ulikuwa waya. Ukikimbia nayo mkononi, upepo unalizungusha panga. Iliruka kadiri miguu yako ilivyoweza, na ukijikwaa mlianguka wote wawili. Hatukujua kwamba watu wazima wa Ulaya walishawahi kucheza mchezo kama huo, tena kwa mshahara.

Karibu na mwaka 1910, huko Mourmelon nchini Ufaransa, shule iliyofundisha kurusha ndege za Antoinette ilikuwa na ndege chache na wanafunzi wengi. Kila kosa la mwanafunzi lilikuwa mbao zilizovunjika na kitambaa kilichoraruka. Basi wakachukua pipa la mbao, wakalipasua nusu mbili, wakapandisha nusu moja juu ya nyingine, na mwanafunzi akaketi juu kabisa. Walimu walisimama pembeni wakilitikisa pipa kwa mikono. Mwanafunzi alizungusha magurudumu mawili ya usukani, moja kila upande, akijaribu kurudisha usawa wake na mstari wa upeo wa macho. Picha za pipa hilo zipo hadi leo. Nilipomwonyesha mzee kwenye simu alicheka mpaka akakohoa, akasema hata sisi tungeweza kulitengeneza. Ni kweli kabisa. Lilitengenezwa na watu waliokosa ndege za kuvunja.

Wa pili katika ukoo huu wa kuigiza kuruka ni Edwin Link. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vya ogani huko Binghamton, jimbo la New York, na kijana alikulia humo kati ya mabomba ya upepo na mivukuto ya ngozi. Mwaka 1920 alilipa dola 50 kwa somo lake la kwanza la urubani. Rubani alimzungusha karibu saa nzima, akampindua juu chini, wala hakumruhusu kugusa usukani hata mara moja. Dola 50 zikaenda na upepo. Aliyewahi kulipa ada ya mafunzo halafu akafagishwa karakana miezi mitatu atamwelewa Link bila kufafanuliwa.

Link hakuwa na fedha za kurudia masomo ya namna hiyo, basi akarudi kwenye mivukuto ya baba yake. Aliunda kiti chenye mwili mfupi wa ndege na mabawa ya kupachika, akakiweka juu ya mivukuto ya ogani inayojazwa na kunyonywa hewa kwa pampu. Ukisukuma kijiti mbele, pua inainama. Ukikilaza kushoto, mwili wote unalala kushoto. Mashine ilikamilika 1929. Wanajeshi hawakuichangamkia. Walioinunua mwanzoni walikuwa wenye viwanja vya burudani: watu walitia sarafu, wakapanda, wakayumbishwa, wakashuka wakicheka. Miaka kadhaa mashine ambayo baadaye ingeokoa watu ilikuwa bembea ya watoto.

Kilichobadilisha mambo ni vifo. Februari 1934 jeshi la anga la Marekani lilikabidhiwa kazi ya kusafirisha barua, usiku na katika ukungu, na marubani wake hawakuwa wamezoea kuruka kwa kutazama mishale ya vipimo badala ya ardhi. Ndani ya miezi michache zaidi ya kumi walikuwa wamekufa. Hapo ndipo wakubwa walipokumbuka bembea ya Link. Walinunua sita, kila moja dola 3,500. Hadi Vita Vikuu vya Pili vinakwisha zilikuwa zimeundwa zaidi ya 10,000, na marubani waliofunzwa ndani ya mashine hiyo ya rangi ya buluu walihesabiwa kwa laki.

Nimeliweka jambo hili moyoni: kila simuleta, yaani chombo cha kuigizia kuruka, ilizaliwa pale kosa lilipopanda bei kuliko mfuko wa anayejifunza. Mwenye ndege mia hana haja ya pipa.

Helikopta ilichelewa, na ilipokuja ilileta shida yake. Igor Sikorsky aliinua VS-300 kutoka ardhini tarehe 14 Septemba 1939, huko Stratford, Connecticut, ikiwa imefungwa kamba kama mbuzi. Aliyeiendesha ni yeye mwenyewe, na hapakuwa na mwalimu wa kumfundisha, kwa kuwa chombo hicho ndicho kwanza kilikuwa kinazaliwa mikononi mwake. Aliinuka kidogo, akatua, akarekebisha, akainuka tena. Kamba ilifunguliwa tarehe 13 Mei 1940. Miezi minane ya kamba. Mimi naihesabu kuwa ni simuleta vilevile, ingawa ilikuwa na injini.

Kwa nini helikopta ni ngumu hivi? Ndege ya mabawa iliyotengenezwa vizuri, ukiachia vijiti, hujaribu kujinyoosha yenyewe. Helikopta ukiiachia inatafuta pa kuangukia. Kuisimamisha hewani mahali pamoja ni kama kusimamisha gololi juu ya mgongo wa sufuria. Mwendeshaji anafanya kazi nne kwa pamoja: kupanda na kushuka, kuzungusha mkia, kwenda mbele na nyuma, kulala kushoto na kulia. Ukigusa moja, tatu zinadai. Ukiongeza nguvu ili ipande, mwili unataka kuzunguka. Ukiuzuia kwa mkia, yote inaanza kuteleza pembeni.

Ile ya kuongozwa kwa redio inazidisha fumbo jingine, maana wewe hukai ndani yake. Mkia ukiwa upande wako, kushoto kwake ni kushoto kwako. Pua ikikugeukia, kila kitu kinageuka kinyume, kama kinyozi anayejinyoa mwenyewe kwa kioo. Ubongo unajua, lakini vidole havijui. Hapo ndipo mapanga yanapovunjika.

Waundaji wa helikopta ndogo walihangaika miaka mingi. Mjerumani Dieter Schlüter ndiye aliyefanikiwa kuifanya itii redio, mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa kawaida waliweza kununua vipande vyake kwenye sanduku na kuviunga nyumbani. Fikiria majuma ya kuunga, kisha sekunde mbili za kurusha, kisha fagio. Wanafunzi walifunga fito mbili chini ya miguu ya helikopta kwa umbo la msalaba, na mpira mwepesi kila ncha, ili isipinduke. Walikaa chini kabisa, wakiruka kimo cha goti, kwa miezi.

Kompyuta za nyumbani ndizo zilizowafungua. Mwaka 1997 Wamarekani walianza kuuza RealFlight, programu iliyotengenezwa mahsusi kwa vyombo vya redio: unasimama uwanjani, chombo kiko mbali nawe, kama ilivyo kweli. Wajerumani nao wakatoa FMS, programu ndogo, nyepesi, isiyouzwa. Wakubwa wa mchezo huu huidharau, wanasema helikopta zake si za kweli sana. Huenda. Lakini iliingia kwenye kompyuta yangu yenye nguvu za kobe, na bei yake ilikuwa sifuri.

Nilianza vibaya kama wengi. Mwaka 2015, nilipopata malipo yangu ya kwanza makubwa ya kutengeneza simu, nilipanda teksi hadi Mbarara na kurudi na helikopta ndogo ya Syma S107 ya shilingi 45,000. Hiyo ina mapanga mawili yanayozunguka kinyume, moja juu ya jingine, basi inajisimamisha yenyewe, mtoto anaweza. Tatizo ni kwamba rimoti yake hutumia mwanga usioonekana, kama ya televisheni, na jua la Juru saa nane mchana huo mwanga linaumeza. Niliirusha mbele ya watu. Ilikata mawasiliano, ikapanda, ikagonga bati la jirani. Iliishi siku mbili. Shilingi 45,000 wakati ule zilikuwa chakula.

Mwaka 2018 kijana mmoja wa kujitolea, aliyekuwa anarudi kwao, aliniachia sanduku. Ndani mlikuwa na helikopta ya kweli ya chaneli sita za kuongozea, mapanga marefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole, pamoja na rimoti yake. Akanionya: ukiirusha kesho, keshokutwa utakuwa na mfuko wa vipande. Mapanga yake hayapo Mbarara. Huagizwa China, yapitie Kampala, na gharama ya njia inashinda ya mzigo.

Nilitazama mgongo wa rimoti, nikaona tundu dogo la duara. Tundu hilo liliwekwa kwa ajili ya mwalimu: unaunga rimoti mbili kwa waya, na mwanafunzi akikosea, mwalimu ananyakua usukani. Mimi sikuwa na mwalimu. Nikachukua waya wa spika za masikioni uliokatika, nikauchomea upya, ncha moja kwenye tundu la mwalimu, nyingine kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Kuna programu ndogo inayosikiliza mlio wa rimoti na kuutafsiri kuwa mwendo wa vijiti. Nilipousogeza mkono na helikopta ya kwenye kioo ikainama, nilipiga kelele hadi wateja wakadhani nimepigwa na umeme.

Betri ya gari ilinipa kama saa moja na nusu kila jioni, paneli ikiwa imepata jua. Nikajiwekea ratiba. Mwezi wa kwanza mkia kwangu tu, helikopta isitoke nje ya mraba. Wa pili, ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Wa tatu na wa nne, pua kwangu. Huo wa tatu ndio uliojaza daftari. Nilikuwa naota usiku vidole vikicheza. Siku moja, bila kutangaza, vidole vikajua. Sikufikiri kushoto wala kulia; niliitaka isimame, ikasimama. Niliangalia saa: dakika mbili.

Mwaka 2019 nilinunua ndogo ya kiganja, V911, yenye panga moja na chaneli nne, inayotumia redio na isiyoogopa jua. Mchungaji aliniruhusu kuitumia ndani ya kanisa letu la udongo siku za kazi, baada ya kusogeza mabenchi. Iliinuka, ikasimama. Mara ya kwanza katika maisha yangu kitu cha kweli kilisimama hewani kwa sababu yangu, na sikukigonga ukutani.

Nisiipambe simuleta. Ina uongo wake. Ndani ya kanisa niligundua kuwa upepo wa panga hugonga ukuta na kurudi kuisukuma helikopta, jambo ambalo programu yangu haikunieleza. Kioo ni bapa, hakikufundishi umbali. Na kubwa kuliko yote, hakikufundishi woga. Kwenye kompyuta mikono yangu haikuwahi kutetemeka. Kanisani ilitetemeka. Simuleta inafundisha vidole. Moyo unafundishwa na kitu kinachoweza kuvunjika.

Lakini vidole si kitu kidogo. Upande huu wa Ankole tuna kumbukumbu nzito ya helikopta. Tarehe 30 Julai 2005 John Garang, siku 21 baada ya kuapishwa kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Sudan, alitoka kuonana na Rais Museveni huko Rwakitura. Helikopta ya rais wa Uganda iliyomchukua kumrudisha kwake iligonga mlima mpakani katika hali mbaya ya hewa, hakuna aliyepona. Agosti 2012 helikopta tatu za kivita za Uganda zilizokuwa njiani kwenda Somalia zilianguka Mlima Kenya. Mlima hauna kitufe cha kuanza upya.

Ile kubwa ya chaneli sita bado sijairusha. Uganda hairuhusu mtu arushe chombo kisicho na rubani bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na cha vyombo vya usalama, na mkimbizi anayeishi karibu na mpaka wa Tanzania hawezi kutoka tu uwanjani na kitu kinachovuma. Sheria hiyo siilaumu; nimewahi kuwa mtoto anayelala chini eliko inapopita. Inamaanisha tu kwamba kwangu simuleta si njia ya kuelekea anga. Kwa sasa ndilo anga lenyewe.

Na pembeni yetu kazi zinaongezeka. Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani hupeleka damu hospitalini Rwanda kutoka Muhanga. Mwaka 2018 chombo cha namna hiyo kilijaribiwa kubeba dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Viktoria. Mwaka 2021 visiwa vya Kalangala, hapa hapa Uganda, vilianza kupelekewa dawa za virusi vya UKIMWI kwa droni. Nyingi zinajiongoza zenyewe, lakini siku chombo kinapochanganyikiwa anahitajika mtu ambaye vidole vyake vinajua.

Mzee nilimrudishia jibu lake baada ya miezi. Nilimwambia: wenye mali hujifunza kwa kuvunja, sisi tunajifunza kwa kuigiza kuvunja. Akanyamaza, kisha akasema kwamba kama ni hivyo basi Nakivale nzima ni simuleta, maana hapa watu wameigiza kuishi tangu 1958. Wapo wengi wanaopenda msemo wa aina hiyo. Nikamkatalia kwa adabu. Hapa kambini kosa lina bei. Ukipoteza kadi ya chakula, ukipanda mahindi wiki mbili kabla ya mvua, ukimkopesha mtu anayehamishwa kesho, hakuna kitufe. Ndiyo maana kijana wa hapa anahitaji mahali pamoja, hata pawe pembe ya kibanda cha simu, ambapo anaweza kukosea mara elfu na asidaiwe. Mzee alifikiri. "Basi," akasema, "andika hivyo mlangoni."

Nimeandika, kwa chaki, chini ya bei ya kubadilisha kioo na bei ya kuchaji: *Kuanguka ni bure*. Sanduku la chaneli sita liko juu ya boriti, mapanga yake hayana hata mkwaruzo. Daftari la pili ni la binti wa jirani, mwenye miaka kumi na mitatu. Yuko kwenye pua kwangu. Jana alifika sekunde arobaini.